Jagwa wa Porto Jofre na ng'ombe wa jirani

Jagwa ana nchi nyingi. Anaanzia Meksiko, anapita Amerika ya Kati, anashuka Amazonia yote mpaka kaskazini mwa Ajentina. Hata hivyo, watu waliozaliwa ndani ya msitu wa Amazonia huweza kuzeeka wakijua nyayo zake tu kwenye tope. Ukitaka kumwona kwa macho yako, mchana kweupe, akienda zake bila haraka, waongozaji wa wageni watakuelekeza Porto Jofre, kwenye mto Cuiabá, ndani ya Pantanal ya Brazili. Mimi nimeishi kwa kuongoza wageni katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, na nilikwenda kule na swali la kikazi. Mnyama ni yuleyule. Kwa nini kwingine anajificha na pale anajiachia?

Jibu nililipata katika siku moja ya mtoni, ingawa nusu ya jibu hilo ilikuwa nchi kavu, kwa wafuga ng'ombe.

Kufika Porto Jofre ni safari. Unatoka mji wa Cuiabá, makao makuu ya jimbo la Mato Grosso, unapita Poconé, kisha lami inakwisha na Transpantaneira inaanza: barabara ya udongo iliyoinuliwa juu ya mbuga ya maji, kilomita 145 hivi, yenye madaraja zaidi ya 100, mengi yake yalijengwa kwa mbao hapo awali. Ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa nia ya kukata Pantanal nzima mpaka Corumbá. Ilipogonga mto Cuiabá ikakomea hapo. Njia nzima, kulia na kushoto, ni mashamba ya mifugo: nyaya za uzio, ng'ombe weupe wenye nundu wa aina ya Nelore, wachungaji juu ya farasi na kofia zao pana. Pantanal ni bonde la mafuriko lenye kilomita za mraba 150,000 hivi kwa upande wa Brazili peke yake, zaidi ya mara mbili ya Ziwa Victoria, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi hiyo ni mali ya watu binafsi. Kwetu mgeni akisikia wanyamapori anafikiria hifadhi ya taifa. Kule, mara nyingi jagwa analala shambani kwa mtu.

Tulishika mto kabla jua halijachomoza. Boti za pale ni za aluminiamu, nyembamba, viti vyote vinatazama mbele na injini iko nyuma. Nahodha wetu ndiye aliyekuwa mwongozaji pia: mtu wa makamo, mtoto wa mchunga ng'ombe, aliyezaliwa shambani na kukulia juu ya farasi. Tuliongea Kihispania changu cha kujifunza na Kireno chake, na pale maneno yalipokwama, kazi ilitusaidia, maana kazi yetu ni moja.

Alivyofanya kazi yake ningeweza kumtambua popote kuwa ni mwenzetu. Jicho lake lilikuwa kwa kapibara. Kapibara ni jamii ya panya, mkubwa kuliko panya wote duniani, kilo 50 na zaidi, na kingo za mto zimejaa familia zao. Wakiwa wamekaa wanautazama mto, boti inapita. Mmoja akibweka, na wote wakageukia kichaka kimoja, injini inapunguzwa na hakuna anayeongea. Nasi huku tunawasoma swala pala na ngedere hivyohivyo. Aliniuliza kama ni kweli chui wetu hupandisha nyama mtini. Nikamweleza kuwa ni kwa sababu ya simba na fisi. Akatikisa kichwa. Jagwa hana wa kumnyang'anya, akasema, hana haja ya kupanda.

Kwenye mlango wa mto Três Irmãos tulikuta kisiwa cha gugumaji kimejishikiza kwenye kona. Nimekulia Mwanza. Nayajua magugu hayo tangu yalipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Nimeona mialo imezibwa kabisa, mitumbwi imekwama, wanawake wanachota maji katikati ya uozo. Amerika ya Kusini ndiko kwao, jambo nililolijua kwa kusoma, lakini kuyaona kwao ni kitu kingine. Nilinyoosha mkono nikang'oa jani. Lilikuwa limetobolewa vidonda vidogo vya mviringo kuanzia ncha mpaka shina, vingine vikavu, vingine bado vibichi: kazi ya fukusi. Fukusi wa jamii hiyo ndio waliochukuliwa kutoka Amerika ya Kusini na kuachiwa katika ziwa letu miaka ya 1990 ili wayapunguze. Kule hawakuletwa na mtu. Wapo na gugu tangu zamani, na kila mwaka mto ukifura unasomba mafungu mazima na kuyapeleka chini. Nahodha alinisikiliza nikimsimulia habari za ziwa letu, akalitazama lile jani kwa muda, kisha akauliza samaki wetu walifanyaje. Nilipenda swali hilo. Ni swali la mtu anayejua kuwa maji yakiharibika, wa kwanza kuumia ni mvuvi.

Fisi maji tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wa kule ni wakubwa, wengine hufikia mita 1.8 ukijumlisha mkia, wala si wale wadogo wenye shingo ya madoa tunaowaona ziwani kwetu. Ilikuwa familia nzima, wakivua kwenye mfereji mwembamba, na kelele zao zilijaa pale mahali: kukoroma, kulia, kugombana. Mmoja aliibuka karibu kabisa na ubavu wa boti na samaki mikononi. Alimshika kwa mikono miwili, akaanzia kichwani, akawa anatafuna kwa nguvu mpaka mifupa inasikika, huku macho yake yakitukodolea moja kwa moja. Kisha mkubwa wao akasimamisha shingo juu ya maji, akatuonyesha koo lake lenye baka jeupe. Hakuna fisi maji wawili wenye baka linalofanana, na nahodha aliwajua hawa kwa mabaka yao, akanionyesha yupi mama na yupi aliyezaliwa mwaka uliopita. Ngozi zao zilikuwa na bei kubwa katikati ya karne iliyopita, wakawindwa mpaka kwenye mito mingi wakatoweka. Hawa waliokuwa wakila mbele yetu ni uzao wa wachache waliosalimika kwenye mifereji ambayo wawindaji hawakuifikia.

Redio ilikoroma asubuhi ikiwa imekomaa. Mwongozaji mwingine alikuwa amempata jike juu ya mto. Tulifika tukakuta boti kadhaa zimeshazima injini upande wa pili, na yeye anatembea ukingoni, kichwa chini, kama mtu aliyetoka kukagua shamba lake.

Nimeona chui wengi maishani. Jagwa si chui mnene tu. Kifua na mabega yake ni vya mnyama mwingine, kichwa ni kizito, miguu ni mifupi, na madume wa Pantanal hupita kilo 100. Mabaka yake ni makubwa na ndani yake mna nukta, na kwa mabaka hayo ya usoni na ubavuni waongozaji wanamtambua kila mmoja wao. Sikio la kushoto la jike huyu lilikuwa limechanika kwenye ncha. Alikwenda hatua chache, akasimama, akanusa, akaingia majini taratibu bila kurusha hata tone. Kichwa peke yake ndicho kilichobaki juu. Akaogelea akiambaa ukingo mpaka kwenye rundo la gugumaji, akapotea nyuma yake.

Mbele ya rundo hilo palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga mamba wa kule, wanaomwita jacaré, amelala na mdomo wazi. Nahodha alinigusa bega, akaonyesha kwa kidevu. Nilidhani nimejiandaa. Jike alitoka majini kwa nyuma, na kilichofuata kilikwisha haraka kuliko ninavyokisimulia: alimrukia mgongoni, akamng'ata kisogoni, na mkia wa mamba ukapiga mchanga mara chache, halafu basi. Simba wetu na chui huua kwa kubana koo mpaka pumzi iishe. Jagwa hupitisha meno kwenye fuvu au nyuma ya shingo, na ana taya za kuifanya kazi hiyo. Aliburuta mzoga mzito kupanda ukingo wa udongo, akiwa amebinua shingo ili mkia usikwame kwenye mizizi, akaingia kichakani. Tuliendelea kusikia matawi yakivunjika.

Muda wote huo hakutugeuzia hata sikio. Kamera zilikuwa zinalia, mgeni mmoja alikuwa analia kwa furaha, na yeye anawinda ng'ambo ya maji machache tu. Hapo ndipo nililishika jibu la swali langu. Mama aliyemzaa hakuwa anaogopa boti, kwa hiyo naye akiwa mtoto hakujifunza kuiogopa. Na mama wa mama yake vilevile. Ili mnyama wa namna ile awe vile, lazima vizazi kadhaa vipite bila risasi kutoka mtoni. Chui wa Seronera kwetu wanalala mtini juu ya magari yetu kwa sababu hiyohiyo. Mgeni hulipa akidhani ananunua bahati, na sisi waongozaji humwachia adhani hivyo. Ukweli ni kwamba ananunua miaka ya watu waliojizuia.

Kujizuia huko hakukuja kwenyewe. Katika miaka ya 1960 ngozi za jagwa zilisafirishwa Ulaya na Marekani kwa maelfu kila mwaka, kushonea makoti. Brazili ilipiga marufuku uwindaji wa biashara kwa sheria ya mwaka 1967, na mkataba wa kimataifa wa CITES ulipoanza kufanya kazi mwaka 1975 soko la ngozi za jagwa likafungwa. Mamba wao waliendelea kuuawa na majangili kwa wingi wa kutisha mpaka miaka ya 1980. Porto Jofre yenyewe ilikuwa mahali pa wavuvi wa burudani, watu wa kutoka mijini wanaokuja na ndoano zao, na ni boti za hao zilizowazoesha jagwa sauti ya injini kabla utalii wa kuwatazama haujashika kasi katika miaka ya 2000. Mwaka 2004 jimbo la Mato Grosso likatenga hifadhi ya Encontro das Águas, hekta 108,000 hivi, mahali mito inapokutana.

Jike alipokuwa akiburuta mzoga, boti mbili zilisogea zikawakatia wengine mbele ili wageni wao wapate picha ya karibu. Nahodha wetu aliinua mkono, akawaita kwa redio kwa sauti ya chini, nao wakarudi. Liliniuma jambo lile, maana nalijua. Nimeona magari yakimzunguka duma na watoto wake mpaka mama anashindwa kuwinda, na nimesikia mgeni akimwahidi dereva bakshishi asogee zaidi. Ule uvumilivu wa jagwa umejengwa kwa miaka hamsini. Dereva au nahodha mmoja mwenye tamaa hana haki ya kuutumia peke yake, na chama cha waongozaji kisichomwadhibu mtu wa namna hiyo kinajihujumu.

Mchana tulipumzika chini ya mti, kwenye kiunga cha shamba la watu aliowafahamu nahodha. Alitoa pembe ya ng'ombe iliyojaa majani ya mate, akamimina maji baridi, akanyonya kwa bomba la chuma, akajaza tena akanipa. Hicho ndicho kinywaji chao cha saa za joto, tereré, na bomba ni moja kwa wote mnaokaa pamoja. Juu yetu kasuku wakubwa wa buluu, wenye urefu wa mita moja kutoka mdomo hadi mkia, walikuwa wanapasua kokwa za michikichi ya porini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki 1,500 hivi katika Pantanal, kwa sababu ya wanaokamata vifaranga wa kuuza. Mwanabiolojia Neiva Guedes alianza kazi ya kuwaokoa mwaka 1990, akipanda mti mmoja baada ya mwingine, na baadaye wakafikia 5,000 hivi. Kasuku hao karibu wote hutaga ndani ya mashimo ya mti uitwao manduvi, na miti hiyo imesimama mashambani mwa watu, kwa hiyo kazi ya Guedes ilikuwa pia kubisha hodi kwa wafugaji na kuwaomba wasiikate. Kuna jambo ndani yake lililonikalia kichwani. Tukani, ndege mwenye mdomo mkubwa wa rangi ya chungwa, huiba mayai ya kasuku hao. Huyohuyo ndiye msambazaji mkuu wa mbegu za manduvi. Ukimwondoa mwizi, baada ya muda unakosa miti ya kutagia.

Baba yake, akaniambia nahodha, alikuwa muuaji wa jagwa anayesifika. Hakuona haya kulisema, wala hakujivuna. Wakati wa baba yake jagwa akishaua ndama, mbwa hutolewa, mnyama anafukuzwa mpaka anapanda mti au anasimama kupigana, na mwenye shamba humpa mwindaji ndama kwa kila kichwa. Wakongwe zaidi waliwamaliza kwa mkuki, wakimngoja aruke. "Kaka," akaniambia, "baba hakuwachukia. Alikuwa analinda chakula chetu." Nilimwelewa. Nina marafiki Wamaasai ambao baba zao waliua simba, na sijawahi kuwaona kuwa watu wabaya.

Sasa yeye anakula kwa jagwa aliye hai, lakini mpwa wake bado ana ng'ombe. Nikakumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Fernando Tortato na wenzake. Walikuta utalii wa jagwa katika eneo la Porto Jofre unaingiza karibu dola milioni 6.8 kwa mwaka, wakati ng'ombe wanaoliwa katika eneo lilelile wangekuwa na thamani ya dola 121,500 hivi. Ukiziweka hesabu hizo kwenye karatasi, mjadala umekwisha. Ukizipeleka kwa mpwa wake, ndio unaanza, maana milioni zile zinaingia kwa wenye hoteli na wenye boti, na ndama amekufa kwake. Nilimweleza kuwa Tanzania tuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa wanaoumizwa na wanyamapori au kuharibiwa mali. Akataka kujua kiasi gani, na baada ya muda gani. Nilimjibu kwa uaminifu kwamba kiasi ni kidogo na wengi husubiri mno. Akasema kwao hajawahi kumwona mtu aliyekuja kuhesabu mizoga.

Alasiri tulipita mahali moto wa mwaka 2020 ulipoingia. Mwaka ule wa ukame mkali, moto ulikula zaidi ya robo ya Pantanal, na wanasayansi walikadiria kuwa karibu wanyama milioni 17 wenye uti wa mgongo waliangamia papo hapo. Vigogo vyeusi vilikuwa bado vimesimama katikati ya majani mapya. Wafugaji ndio waliokuwa mstari wa mbele kuuzima, akasema nahodha, kwa matrekta yao na maji ya mashambani, usiku na mchana. Na baadhi ya mioto, akaongeza bila kuficha, iliwashwa na wafugaji wakisafisha malisho. Yote mawili ni kweli, na mtu anayetaka kuulinda mto ule itabidi akae meza moja na watu hao.

Tulirudi gatini mapema kuliko wageni wengine walivyopenda, kwa sababu alitaka kunionyesha kitu. Kwa mpwa wake walikuwa wamejaribu uzio wa umeme kuzunguka zizi la ndama, na usiku waliofungia ndama humo hasara ilipungua, lakini betri ni ghali na mafuriko huangusha nguzo. Nikachukua kijiti nikamchorea kwenye mchanga boma la kwetu Simanjiro: miti michanga ya jamii ya manemane inapandwa duara, inashika mizizi na kuendelea kukua, kisha wavu wa chuma unafungwa kwenye mashina yake, hata simba na chui wanashindwa kupenya. Aliinama akauliza nafasi kati ya mti na mti, urefu wa wavu, na ng'ombe wangapi wanaenea. Kisha akauliza kama mti huo unavumilia kusimama ndani ya maji miezi mitatu. Nikamwambia hapana, ni mti wa nchi kavu, ungeoza. Akataja miti miwili ya kwao inayochipua ukikata tawi na kulichomeka ardhini, akaanza kubishana na mwenye gati upi unastahimili mafuriko zaidi, nami nikawa naandika majina.